Kupinga Matanga ya Mnorwe wa Hadithi

Korogwe, Jumatatu, mwezi wa Agosti 1909

Kwa Mjomba wangu mheshimiwa,
Jumbe Mbaruku,
Kwamsisi.

Mjomba, shikamoo. Pokea na shikamoo ya mke wangu Fatu, na nyingine moja uiweke akiba, maana ukifika katikati ya barua hii huenda ukapandwa na hasira ukasahau kwamba nilikusalimu. Mimi ni mzima wa mwili. Handeni mvua hakuna, mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti, na hilo silalamikii kwa kuwa Mwenyezi Mungu hana ofisi ya kupokelea barua. Ninalolalamikia limefanywa na watu, na mtu wa kulizuia ni wewe.

Nakuandikia mimi mpwa wako, Mbwana wa Mhina, karani wa akida wa Handeni, kumshitaki mama yangu mzazi, Chausiku, ambaye ni dada yako wa tumbo moja. Najua si jambo la kawaida. Lakini kwetu Wazigua mtoto hamwamrishi mama yake. Mwenye sauti juu yake ni kaka yake. Kwa hiyo sikwenda kwa akida, wala sikuomba askari. Nakuomba wewe, Mjomba, ufike Korogwe kabla ya Jumapili ijayo, umchukue dada yako umrudishe nyumbani, na uyavunje matanga yanayoandaliwa hapa kwa ajili ya mtu ambaye, kwa maneno ya msimuliaji mwenyewe, alipotea zamani za mababu wa mababu, katika nchi ambayo hakuna Mzigua aliyewahi kuikanyaga.

Unakumbuka kwamba Mama alikuja huku kumwangalia dada yangu Tatu, aliyejifungua mtoto wa kiume. Mume wa Tatu ni mkata mkonge katika shamba moja ng'ambo ya mto. Mama aliniahidi kwamba kitovu cha mtoto kikidondoka atarudi Handeni. Kitovu kilidondoka, mtoto akaanza kucheka, sasa anakaa mwenyewe bila kushikwa, na Mama bado yuko Korogwe. Nilidhani ni mapenzi ya mjukuu. Kumbe amekuwa mwanafunzi.

Ndiyo, Mjomba. Mwanafunzi, kwa umri ule, na kwa meno yale yaliyobaki.

Mwalimu wake ni Bwana Halvori, fundi wa mashine ya kuchakata mkonge. Si Mdachi kama wakubwa wa serikali. Ni Mnorwe, katika Wazungu wale wanaokaa juu kabisa kaskazini, mahali ambapo, kwa kauli yake, kuna miezi jua halichomozi. Mtu aliyeponyoka kutoka mahali kama hapo angekaa kimya juani akamshukuru Mungu. Yeye hawezi. Kila Jumapili alasiri, mashine ikiwa imelala, huwakusanya wakata mkonge, wake zao, wauza ndizi kutoka Magoma na yeyote asiye na kazi, akawakalisha juu ya marobota ya katani ghalani, na kuwafundisha kile anachokiita fasihi ya watu wa Kaskazini. Hana kitabu. Hana ubao wala chaki. Husimama akasimulia habari za mababu zake huku akirusha mikono, akimaliza, huchagua watu wainuke waicheze hadithi ile mbele ya wenzao, kisha hukaa chini, hufuta jasho, na kuuliza: "Mnaonaje?"

Hiyo ndiyo shule. Mimi niliyesoma shule ya serikali kule pwani, nikapigwa kiboko kwa kila herufi unayoisoma hapa, nilitazama pembe zote za ghala lile na sikuona hata fimbo moja. Watu wanafundishwa na huku wanacheka. Elimu gani hiyo?

Sasa nakuletea malalamiko yangu kwa nambari, kama tufanyavyo ofisini.

1. Hadithi zinasimuliwa mchana. Wewe mwenyewe ulitufundisha tukiwa wadogo kwamba anayesimulia hadithi jua likiwaka anamtafutia mama yake kifo. Mimi ni msomi, siamini mambo hayo. Nayataja kwa kuwa wewe unayaamini, na natumaini yatakuudhi. Watu walipomweleza Bwana Halvori mwiko huo, alijibu kwamba kwao usiku wa baridi ni mrefu mno, hadithi zote husimuliwa usiku, na mama zao hufa vilevile. Watu wakaona amejibu vizuri. Naambiwa aliyecheka kuliko wote ni Mama.

2. Theluji. Katika kila hadithi ya Wanorwe kuna theluji, na kila ikitajwa somo husimama ili ielezwe upya. Ni mvua, lakini haina haraka. Ni nyeupe. Inalala chini kama unga, na mtu anaweza kutembea juu yake au kufunikwa chini yake. Mama aliuliza kama inapikika. Hapo akainuka Petro, Msambaa wa milimani, mkata mkonge tu huyu, akasema yeye anaijua theluji vizuri, kwa kuwa kwao asubuhi za baridi aliwahi kuona majani yamekuwa meupe. Tangu siku hiyo Petro ndiye mtaalamu wa theluji wa Korogwe nzima, na hakuna anayeruhusiwa kusema neno juu ya baridi kabla yake. Hadithi inapochezwa, wanawake hupanda juu ya marobota wakamwaga makapi ya katani kutoka juu, ndiyo theluji yenyewe. Nami nilikuwa nimevaa koti langu jeusi la ofisini! Tatu amelipiga brashi hadi mkono umemchoka, na bado nafanana na mbuzi aliyelala kwenye majivu.

3. Swali lile la "Mnaonaje?" Hapa ndipo ulipo mzizi wa balaa lote. Inaonekana kwao Wanorwe mtu akiuliza hivyo baada ya hadithi anataka watu waseme maneno mazuri kidogo, kisha waende zao nyumbani. Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu mtu mzima akikaa mbele ya watu na kuuliza "Mnaonaje?" ameleta shauri, na shauri likishaletwa halirudishwi mfukoni. Ni lazima lipate mwisho, na mwisho huo utekelezwe.

Hadithi yake ya kwanza ilihusu majirani wawili waliogombea malisho. Mmoja akamuua mtoto wa mwenzake, yule naye akalipiza. Bwana Halvori alipofika hapo akapumzika, akauliza swali lake. Mjomba, watu walikaa baraza mpaka jua likatua. Wakateuliwa wa kusimama upande wa huyu na wa kusimama upande wa yule. Watu wakakemewa. Mzee mmoja akatoa kuku wake mwenyewe, kuku akachinjwa, pande zote mbili zikala sahani moja, ugomvi ukaisha. Jumapili iliyofuata Bwana Halvori akaanza kusimulia jinsi mjukuu wa yule wa kwanza alivyomvizia njiani mjukuu wa yule wa pili. Watu wakamkatalia katakata. Walimwambia hao wamekwisha kupatana, kuku ameliwa, na mtu anayefukua ugomvi uliokwisha ana nia mbaya na jamaa zake. Maskini aliomba sana. Alisema bado kuna watu wengi wa kufa huko mbele, na wanakufa vizuri kabisa. Hawakumruhusu kumuua hata mmoja. Nasikia amewaandikia wataalamu wa mji wake kwamba amegundua huku Afrika njia mpya ya kusoma hadithi za zamani. Njia gani? Ya kutozimaliza?

4. Hadithi ya Sveini. Hii ndiyo iliyoniletea mimi taabu. Nakueleza kwa ufupi, maana Mama ataisimulia kwa urefu. Sveini alikuwa kijana wa Kinorwe. Bwana wake alimpa mzigo aupeleke ng'ambo ya mlima wakati wa baridi. Kijana akaufunga mzigo, akamwambia mama yake wasimalize chakula chote kwa kuwa atarudi na njaa, akaenda. Hakurudi. Theluji ilishuka ikaifunika njia. Kaka yake mkubwa, ambaye kwa maoni yangu ndiye mtu pekee mwenye akili katika hadithi nzima, akasema tusilie bado, tungoje bwana wake alete habari, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtuma. Akakiweka kigoda cha mdogo wake karibu na moto, akakataza mtu kukikalia. Wakangoja. Theluji ikayeyuka ikarudi, ikayeyuka ikarudi. Bwana hakuleta habari. Mama akazeeka akafa, na kigoda kikabaki kitupu pale pale mpaka nyumba yenyewe ikaanguka.

Basi, imekwisha. Bwana Halvori anasema kwao mwisho huo unahesabiwa kuwa mzuri kupita yote, kwa kuwa hausemi kitu. Siku aliyoisimulia mara ya kwanza alifuta macho kwa kitambaa cha kufutia mashine, akajipaka mafuta machafu mpaka masikioni, akakaa juu ya robota, akauliza swali lake lile.

5. Mama. Alikuwa amekaa nyuma na mjukuu mapajani. Akampa Tatu mtoto, akasimama. Mwanamke ambaye nyumbani kwangu huweza kumaliza wiki bila kusema zaidi ya "chakula tayari" alisimama mbele ya wanaume na Mzungu mmoja, akasema maneno haya, ambayo nimeyapata kwa watu wasiopatana juu ya jambo lingine lolote: "Hadithi hii haijaisha. Mmemwacha mtoto wa watu nje kwenye baridi, halafu mnaniambia ni mwisho mzuri?"

Bwana Halvori akamweleza kwa upole kwamba mwili haukupatikana. Mama akamjibu kwamba huku kwetu mwili usipopatikana hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo ya mwenyewe, likazikwa, watu wakalia, wakanyoa, wakala, na mama mtu akaweza kulala usingizi. Akamuuliza: "Kwani kwenu hamna migomba, mwanangu?" Akasema hawana. Mama akamhurumia mbele ya kadamnasi. Akasema basi vijana wote wa Kinorwe waliopotea thelujini wako nje mpaka leo, na ndiyo maana Bwana Halvori hawezi kunyamaza.

Shauri likapitishwa siku hiyo hiyo. Sveini azikwe.

6. Maandalizi. Nayaandika hapa ili usije ukadhani nimeongeza chumvi. Shina la mgomba limekwisha kuchaguliwa Magoma. Bwana Halvori alisema Sveini alikuwa mrefu kama mlango, watu wakampeleka Mama kwenye shina refu zuri. Akalikataa, akachagua la kimo cha kati, nene kidogo juu. Alipoulizwa sababu, alisema yeye anajua.

Kwa kuwa Bwana Halvori mwenyewe alisema hao ni "babu zetu", imeamuliwa kwamba mfiwa ni yeye. Atanyolewa nywele na ndevu. Na amekubali! Mjomba, fikiri vizuri. Ndevu za Mzungu ni nusu ya serikali. Leo ananyolewa Mnorwe kwa ajili ya hadithi, kesho watu wataanza kuwatazama Wadachi na kujiuliza ndevu zile zinangoja nini. Zikinyolewa na hizo, nani atalima barabara? Nani atamwogopa akida? Na akida asipoogopwa, karani wake atakuwa nani?

Halafu kuna watani. Matanga hayaendi bila watani wa kuchimba kaburi na kumtania marehemu, na Wanorwe hawana watani Korogwe. Petro akajitokeza. Anasema Wasambaa ni watani wa Wanorwe tangu zamani kwa sababu ya baridi. Hakuna aliyempinga, kwa kuwa ni mtaalamu. Sasa kila jioni anafanya mazoezi: anatembea kama Sveini aliyezama kwenye theluji mpaka kiunoni, anaanguka, anafufuka, anauliza kama wamembakizia chakula, anaanguka tena. Watoto wanamfuata kijiji kizima. Mama anamtazama na kucheka mpaka anafuta machozi, na siwezi kukuambia kwa hakika kicheko kinaishia wapi na machozi yanaanzia wapi.

Mwalimu wa Kurani wa hapa alipoulizwa alisema jambo hili halimhusu, kwa kuwa marehemu si Mwislamu. Katekista naye alisema halimhusu, kwa kuwa marehemu hakubatizwa. Wote wawili wamekubali kuja kula.

Na kazi je? Wakata mkonge wamesema hawataingia shambani mpaka matanga yavunjwe, na mwenye shamba bado hajaambiwa. Nimemuuliza Bwana Halvori ana marehemu wangapi kama huyu katika hadithi zake. Akajikuna kichwa, akasema hajawahi kuwahesabu, ila katika baadhi ya hadithi huwa ni rahisi zaidi kuwahesabu waliobaki hai. Wakizikwa wote kwa utaratibu huu, mkonge utaota mpaka ndani ya stesheni ya gari la moshi.

7. Uzushi. Hili ndilo linalonichoma, na ningeliweka mwanzo kama nisingeogopa kuliandika. Watu wa hapa wanasema Mama hamlilii Mnorwe. Wanasema anamlilia mdogo wangu Hiza.

Naomba tuelewane, Mjomba. Hiza alikwenda kusini na mizigo ya askari wakati wa vita. Aliondoka akiwa na afya njema na mdomo mrefu kuliko safari yenyewe. Aliniambia nisithubutu kumpa mtu kitanda chake. Vita vimekwisha. Wenzake waliojaliwa kurudi wamerudi, na kila mmoja ana habari yake: huyu anasema homa, yule anasema mto, mwingine anainamisha kichwa tu na kuomba maji ya kunywa. Habari zinazopingana si habari. Serikali ndiyo iliyomchukua, na serikali ndiyo itakayosema. Haijasema. Kwa hiyo Hiza hajafa. Nilimweleza Mama hivyo alipotaka kuweka matanga mara ya kwanza. Nikamweleza tena mara ya pili, na nilimweleza kwa upole. Hakurudia kuuliza.

Kitanda cha Hiza kiko katika chumba cha mbele nyumbani kwangu. Hakuna anayekilalia. Wageni wakija, hata wenye heshima zao, wanatandikiwa mkeka chini. Kamba zikilegea nazikaza mwenyewe, sikubali mtu mwingine aziguse. Kitanda kisicholaliwa hakipaswi kulegea, lakini hiki kinalegea, na sijui kwa nini. Mama alikuwa akifagia kukizunguka kila asubuhi bila kusema neno, nami nilichukulia kwamba kunyamaza kwake ni kukubali. Je, huyo ni mtu aliyemsahau mdogo wake? Wanaosema hivyo Korogwe hawajawahi kukaza kamba za kitanda cha mtu.

8. Mimi mwenyewe nimevunjiwa heshima. Jana Jumapili nilikwenda ghalani nimevaa koti langu, kusudi nimtoe Mama kwa mkono. Nikakuta hadithi ya Sveini inachezwa tena kwa ajili ya watu ambao hawakuiona mara ya kwanza. Petro alikuwa Sveini. Mama alikuwa mama wa Sveini. Aliyepangwa kuwa kaka mkubwa alikuwa na jipu asiloweza kusimama nalo. Bwana Halvori aliponiona mlangoni, mimi na koti langu, akapiga makofi akasema nimefaa kabisa.

Nilikubali kwa sababu moja tu: nilitaka kuwaonyesha jinsi maneno ya yule kaka yalivyo ya haki yakisemwa na mtu mwenye sauti ya ofisini. Nikayasema yote. Nikasema tusilie bado. Nikasema bwana wake ndiye aliyemtuma, yeye ndiye atakayetuletea habari. Nikakiweka kigoda, nikakataza mtu kukikalia. Nilisema vizuri, Mjomba. Hata watu waliacha kucheka.

Ndipo Mama, ambaye katika hadithi hana neno la kusema hapo, akachukua ufagio akaanza kufagia. Akafagia kukizunguka kigoda. Alifagia kama anavyofagia nyumbani kwangu, ameinama, mkono mmoja umeshika kiuno, hanitazami. Makapi yanaanguka kutoka juu, yeye anafagia. Yanaanguka mengine, anafagia. Bwana Halvori akauliza, "Mnaonaje?" na watu wote wakanigeukia mimi.

Kwa bahati mbaya vumbi la katani lilikuwa limeniingia kooni, nikashindwa kujibu. Vumbi lile ni baya sana. Linaingia hata machoni. Nilitoka nje nikakaa karibu na mashine mpaka watu wakatawanyika, na nimekwisha kumpelekea Bwana Halvori malalamiko ya pekee juu ya vumbi hilo.

9. Harufu ya makapi ya mkonge yanayooza mtoni. Haivumiliki.

Kwa sababu hizi zote, Mjomba, naomba uje uamuru kama ifuatavyo. Mama arudi Handeni. Shina la mgomba wapewe ng'ombe. Bwana Halvori, akitaka kufundisha, awafundishe watu kutengeneza mashine, au afundishe hadithi kwa namna ya kistaarabu, yaani asome peke yake na watu wasielewe. Petro avuliwe utaalamu wa theluji. Maana ukiliachia jambo hili, halitakoma kwa Mnorwe mmoja. Kila mwenye mtu wake aliyekwenda kusini atatafuta mgomba. Watu wataanza kuzika bila kungoja habari za ofisi. Vitanda vyote vya Handeni vitapata watu wa kuvilalia. Mama zetu wataanza kulala usingizi usiku kucha. Na sisi tuliowaambia wangoje tutabaki na sura gani? Serikali inahitaji watu wanaojua kungoja. Mimi najua. Nimengoja vizuri kuliko mtu yeyote katika wilaya hii, na sijapata hata mtu mmoja wa kuniambia ahsante.

Unisalimie mke wako na watoto wote wa hapo Kwamsisi, wakubwa kwa wadogo, pamoja na yule jirani mwenye punda ambaye hunisalimia kila nipitapo. Tatu anakusalimu. Mtoto wake hajui bado kusalimu, lakini ana mabega mapana. Mama hajui kwamba nimekuandikia, kwa hiyo hakusalimu, ila kama angejua angekusalimu kwanza kisha akanikasirikia.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, mwenye kusumbuliwa na vumbi,

Mbwana wa Mhina
Karani

Maneno niliyoyasahau kabla ya kutia sahihi:

Barua hii imelala hapa kwangu, kwa kuwa mtu wa kuileta hakuondoka jana. Asubuhi hii shina la mgomba limefika kutoka Magoma. Wamelilaza barazani kwa Tatu, kivulini. Bado halina nguo. Bwana Halvori alileta shati lake zuri la kanisani, limepigwa pasi, Mama akalishika, akamshukuru, akamrudishia. Hakusema sababu, na safari hii hakuna aliyemuuliza. Amekaa karibu na shina lile tangu alfajiri, anafukuza kuku.

Ukipita Handeni, mwambie Fatu akufungulie sanduku langu. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cheupe, kuna kanzu ya Hiza, ile ya Idi. Njoo nayo. Huna haja ya kumweleza Fatu ni ya nini. Njoo na wembe wako pia, kwa maana wafiwa sasa ni wawili, na mimi sitaki kunyolewa na Petro.

Na kwa kuwa utaingia Handeni jioni ukiwa umechoka, Mjomba, usikubali kutandikiwa chini. Lala kwenye kitanda cha Hiza. Kamba zake nilizikaza kabla sijaondoka.